NDEGE ZA VITA, MAGEMU NA HABARI: ALIYE CHINI YA NDEGE NI NANI?



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi wapenzi, kila mwaka jarida letu hubeba makala za swala, funga, adabu za kusoma Qur'ani na haki za wazazi. Hayo ndiyo msingi, na mwaka huu pia yamo. Lakini sisi tunaoandika ukurasa huu tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo vijana wetu huanza kulizungumza wenyewe mara tu darsa linapomalizika, wakiwa bado wanatafuta viatu vyao mlangoni. Jambo lenyewe ni ndege za vita.

Ukiwasikiliza utadhani wamezaliwa kwenye uwanja wa ndege. Huyu anasema Sukhoi ndiyo kiboko, yule anasema hakuna kama F-16, wa tatu anawaambia wote wawili kuwa zama za rubani zimekwisha, sasa ni zama za droni. Ukiwauliza wameyajulia wapi yote hayo, utaambiwa ni kwenye gemu au kwenye video za simu. Basi leo tuyaweke mezani mambo haya matatu, yaani ndege, magemu na habari, tuyatazame kwa jicho la Muislamu na kwa jicho la mtu wa Ngara na Biharamulo. Maana sisi wa wilaya hizi tuna la kusema ambalo kijana wa miji mingine huenda hana.

KURUKA NI ELIMU

Kwanza tuseme wazi kwamba kupenda ndege si kosa. Allah (S.W.) ametuelekeza tumtazame ndege angani. Katika Suratul Mulk, aya ya 19, tunakumbushwa namna ndege wanavyokunjua na kukunja mbawa zao juu yetu, na kwamba hakuna anayewashikilia huko ila Mwingi wa Rehema. Mwenye kutazama kwa mazingatio huanza kuuliza: kitu kizito kinakaaje hewani?

Swali hilo Waislamu waliliuliza zamani sana. Katika karne ya 9 huko Cordoba, Hispania ya Waislamu, aliishi mwanachuoni aitwaye Abbas ibn Firnas. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia kwamba Ibn Firnas alijivika manyoya, akajitengenezea mbawa, akaruka kutoka mahali pa juu na kwenda umbali fulani hewani. Kuruka aliweza. Tatizo lilikuja kwenye kutua, akaumia mgongo. Waliosimulia wanasema hakuzingatia kuwa ndege anapotua hutumia mkia wake, naye mkia hakuuweka.

Kisa hiki kina funzo. Kupaa kunapendeza na kila mtu hushangilia, lakini aliyepaa lazima afikirie na ardhi iliyo chini yake. Tafadhali likumbukeni hilo tunapoendelea.

GEMU INAONYESHA NINI, NA INAFICHA NINI

Katika miji yetu, kuanzia Ngara mjini, Kabanga, Rulenge na Benaco hadi Biharamulo mjini na Nyakanazi wanakopumzika madereva wa malori, si ajabu kumkuta kijana ameshika pedi au ameinamia simu, akirusha ndege na kupiga mabomu. Wengine hucheza nyumbani, wengine hulipia dakika kwenye mabanda.

Hatukukusudia kutoa fatwa hapa. Masheikh wetu wapo, na mwenye suala la kisheria awaendee. Isitoshe, hatusemi kila gemu ni uovu. Marubani wa kweli, wa abiria na wa kijeshi, hufundishwa kwa mashine za kuigiza urukaji ziitwazo simyuleta. Ndani ya simyuleta rubani hujifunza afanye nini injini ikizimika au ukungu ukitanda, bila mtu kuumia. Hata programu ya kompyuta iitwayo Microsoft Flight Simulator, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1982, imewafanya watu wengi wapende fizikia, ramani na hali ya hewa. Kijana anayejifunza kwa njia hiyo amefaidika.

Lakini ziko gemu za namna nyingine, na wenyewe wenye vita wanajua nguvu yake. Mwaka 2002 Jeshi la Marekani lilitoa gemu yake lenyewe, America's Army, likaigawa bure kwa njia ya intaneti. Lengo halikuwa siri: kuwavutia vijana wajiunge na jeshi. Gemu hiyo ilidumu miaka 20 hadi ilipofungwa mwaka 2022. Tujiulize: jeshi tajiri kuliko yote duniani lingepoteza fedha na muda kwa jambo la mchezo tu? Waliona kwamba kinachoingia kwa mchezo huingia bila kubisha hodi.

Sasa tazama gemu ya ndege za vita ilivyo. Unaiona ndege vizuri, mbawa zake, moto wa injini yake, hata namba iliyoandikwa ubavuni. Unaona shabaha ikizungushiwa alama nyekundu. Unabonyeza, moshi unapanda, pointi zinaongezeka. Ambacho huoni ni mama aliyekuwa anaanika mihogo. Huoni mtoto aliyetumwa dukani. Huoni waliobeba magodoro kichwani wakienda wasikokujua. Gemu imekuweka juu siku zote, haikushushi chini hata siku moja. Na ukifa mwenyewe, unaanza upya.

SISI TULIKUWA CHINI

Hapa ndipo mkoa wetu una ushahidi.

Mwaka 1978 mkoa huu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Mwezi Oktoba ndege za Idi Amin zilipiga mabomu mji wa Bukoba, na watu wengi wakakimbia kwa hofu. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi yake yakavuka mpaka na kulikalia eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera. Ndege za Uganda zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka kwa mabomu zikashindwa, mpaka daraja likaja kuvunjwa kwa baruti zilizotegwa kwa mikono ya mtu. Mwanzoni mwa Novemba makombora ya Tanzania yenyewe yaliziangusha ndege tatu za Tanzania karibu na Musoma, kwa kudhani ni za adui. Na mwezi Machi 1979, ndege kubwa ya Libya aina ya Tupolev ilikuja kuushambulia mji wa Mwanza ili kumsaidia Amin. Ilikosa shabaha. Makombora yake yakaangukia Kisiwa cha Saa Nane palipokuwa na hifadhi ya wanyama, yakaua wanyama kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi mmoja.

Tumeyataja haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika gemu kombora halikosei, lakini katika vita ya kweli ndege yenye thamani ya mamilioni inakosa daraja, inamuua swala, na jeshi linawaangusha marubani wake. Ya pili ni kubwa zaidi. Amin alikuwa Muislamu, na aliyemsaidia alikuwa Muislamu. Waliokimbia Bukoba walikuwamo Waislamu na Wakristo, wakikimbia pamoja kwenye njia moja. Bomu haliulizi dini ya aliye chini. Kwa hiyo kijana wa madrasa asishangilie ndege kwa kutazama tu bendera iliyochorwa mkiani, bali aulize kwanza inampiga nani na kwa haki gani.

Tukio la pili liko karibu nasi zaidi. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege aina ya Falcon 50 ilikuwa ikijiandaa kutua Kigali ikitokea Dar es Salaam kwenye mkutano wa amani. Ndani yake walikuwamo Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ilitunguliwa kwa makombora na wote waliokuwamo wakafa. Kwa mcheza gemu, hapo ni "shabaha imepigwa" na mchezo umekwisha. Kwa Rwanda ndipo yalipoanza mauaji ya kimbari yaliyokuwa yameandaliwa tangu kabla, na mamia ya maelfu ya watu wakauawa katika muda wa siku 100 hivi.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa Rusumo, upande wa pili wa daraja. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Walikusanyika Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyowahi kupiga kambi hapo ikijenga barabara. Katika muda mfupi pakawa mojawapo ya makambi makubwa ya wakimbizi duniani. Wageni wakawazidi wenyeji kwa idadi. Miti ikakatwa kwa kuni, maji yakawa haba, na Mto Kagera ukapitisha maiti kuelekea Ziwa Victoria. Wanyarwanda wengi waliondoka Desemba 1996, lakini wakimbizi wa Burundi waliendelea kukaa Lukole kwa miaka mingi baada ya hapo.

Wazee wetu waliyaona haya kwa macho yao. Walitoa maji, wakatoa viazi, wakatoa sehemu ya kulaza watoto, na wengine wakapoteza mashamba na mifugo. Kijana, kabla hujabishana tena kuhusu Sukhoi na F-16, mfuate babu au bibi yako jioni umwambie: "Shikamoo babu, hebu nisimulie mwaka wa 94." Ukisikiliza hadi mwisho, utakuwa umeijua vita kuliko aliyemaliza gemu zote.

SILAHA ILIYOUA ZAIDI HAIKUWA NDEGE

Tukibaki hapo hapo 1994, kuna jambo jingine. Ndege ile iliangushwa kwa dakika chache. Mauaji yaliyofuata yalifanywa zaidi kwa mapanga, marungu na bunduki, na kilichowachochea na kuwaelekeza wauaji wengi kilikuwa redio. Redio iitwayo RTLM ilitangaza chuki usiku na mchana, ikawaita binadamu wenzao mende. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu wawili waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na mhariri wa gazeti moja la chuki. Baadhi ya makosa na adhabu zao zilipunguzwa kwenye rufaa ya mwaka 2007, lakini funzo lilibaki: anayesambaza maneno ana mkono katika damu hata kama hakushika panga.

Leo redio iko mfukoni mwa kila mtu. Kila vita inapopamba moto, simu zetu hujaa video. Na hapa ndipo gemu na habari zinapokutana kwa namna ya hatari. Novemba 2017, Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilitoa picha ikidai ni ushahidi dhidi ya Marekani huko Syria, kumbe mojawapo ya picha hizo ilitoka kwenye gemu ya simu ya kupiga kwa ndege. Tangu vita ya Ukraine ya 2022, na tena baada ya Oktoba 2023 Gaza iliposhambuliwa, vipande vya gemu iitwayo Arma 3 vimesambazwa na watu wengi duniani wakiamini ni mapigano ya kweli, hata waliotengeneza gemu hiyo wakalazimika kutoa tangazo la kuwafundisha watu namna ya kuvitambua.

Madhara yake ni makubwa, hasa kwetu Waislamu. Watu wa Gaza wana mateso ya kweli yasiyohitaji kuongezewa. Ukisambaza kipande cha gemu ukidhani unawatetea, unampa adui yao hoja ya kusema kuwa na yale ya kweli ni ya uongo. Umewaumiza kwa kutaka kuwasaidia.

Na ya kweli yako pia, tena karibu. Tarehe 24 Januari 2023 ndege ya kivita ya Kongo aina ya Sukhoi-25 ilirushiwa kombora na majeshi ya Rwanda, ikatua Goma huku inawaka moto. Rwanda ilisema ndege iliingia anga lake, Kongo ikakanusha. Video ile ilikuwa ya kweli. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, na maelfu ya watu wakakimbia. Basi utatofautishaje? Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuichunguze habari inapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu kusimulia kila anachokisikia kunatosha kumhesabu kuwa ni mwongo. Zama hizi kusimulia ni kubonyeza kitufe cha kutuma.

DRONI MBILI

Kuna wanaosema droni ndiyo itakayosafisha vita kwa sababu haikosei. Tarehe 7 Januari 2022 droni ilishambulia mahali palipokuwa pamewahifadhi wakimbizi wa ndani huko Dedebit, Tigray, Ethiopia. Zaidi ya watu 50 waliuawa. Aliyeirusha huenda alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya kioo, kama yule kijana wa bandani. Kwa hiyo kuzoea kumwona binadamu kama alama kwenye kioo si jambo dogo.

Lakini angalia droni nyingine. Ng'ambo ya Rusumo, Rwanda imekuwa ikitumia droni kupeleka damu hospitalini tangu Oktoba 2016. Mama anayetokwa na damu wakati wa kujifungua hupelekewa chupa ya damu kwa mwamvuli mdogo kutoka angani. Mwaka 2018 hapa Tanzania droni zilifanyiwa majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Elimu ni ile ile, mbawa na injini ni zile zile. Kinachotofautisha ni kama aliyeirusha alimfikiria aliye chini ili amwue au ili amwokoe.

Na Suratul Maida, aya ya 32, imekwishatupa kipimo: kuiua nafsi moja bila ya haki ni kama kuwaua watu wote, na kuiokoa moja ni kama kuwaokoa wote. Hata katika vita ya haki, Mtume (S.A.W.) alikataza kuua wanawake na watoto. Tena imepokewa kwamba maswahaba walipochukua makinda ya ndege akawa anahangaika juu yao, Mtume (S.A.W.) aliamrisha arudishiwe watoto wake. Ikiwa ndege mama hakutakiwa kuhuzunishwa, itakuwaje kwa mama wa binadamu?

TUFANYE NINI?

Kwenu wanafunzi:

1. Anayependa ndege asome. Hesabu, fizikia, jiografia na Kiingereza ndiyo ngazi ya kupandia. Ziko njia nyingi zaidi ya kuwa rubani wa vita: urubani wa abiria, ufundi wa ndege, uongozaji ndege, utabiri wa hali ya hewa, urushaji wa droni za hospitali.

2. Anayecheza gemu aiwekee mpaka. Isivuke adhana, isile ada ya shule, isile usingizi. Afya na wakati ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, kama tulivyofundishwa na Mtume wetu (S.A.W.).

3. Video ya vita ikikufikia, usiitume kwanza. Uliza imepigwa wapi, lini na nani. Ukikosa majibu, iishie kwako.

4. Usimtanie mwenzako ambaye wazazi wake walikuja hapa wakikimbia vita. Wako wengi miongoni mwetu, na wengine wamekaa nawe safu moja kwenye swala.

Kwenu wazazi: msitosheke na kupiga marufuku. Mtoto anayekatazwa bila kuelezwa hujificha. Kaeni naye siku moja, mtazame pamoja anachocheza, mumuulize: "Mwanangu, hapo bomu lilipoangukia, nani alikuwa anaishi?" Swali hilo moja litafanya kazi kuliko fimbo kumi. Na yale mliyoyaona mwaka 1994 wasimulieni, msiende nayo kaburini.

Mwisho, tukumbuke tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43. Watu 19 walifariki, Allah awape subira jamaa zao. Waliofika kwanza kuwaokoa walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi na makasia. Hawakuwa na Sukhoi wala droni. Watu 24 wakatoka hai. Hao wavuvi ndio mashujaa wa habari za ndege katika mkoa wetu, na hakuna gemu iliyotengenezwa juu yao.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa na nyoyo zenye huruma, awape amani ndugu zetu wa Kongo, Sudan, Palestina na kila penye dhulma, na aijaalie mipaka yetu ya Rusumo na Kabanga ipitwe na wasafiri na biashara, isipitwe tena na wakimbizi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.